Usiusakafie Uani

Jumamosi iliyopita, baada ya sala ya Alfajiri, sikurudi kitandani. Nilichukua ufagio wa njukuti nikaanza uani. Uani wetu hapa Mwanakwerekwe una hatua kumi na nne kwa tisa. Nimeupima mara nyingi, hasa siku za mwisho wa mwezi, maana mtu akiishiwa huanza kuhesabu mali ambayo dukani haipokelewi. Ndani ya hatua hizo mna mnazi mmoja, mdimu, mpapai uliojiotea, matuta mawili ya mchicha, kichaka cha mchaichai, mrehani mlangoni, banda la kuku, kamba ya kuanikia nguo, na tawi moja zito la mwembe wa jirani lililoingia kwetu miaka mingi iliyopita bila kupiga hodi. Marehemu babangu alikuwa na eka tatu za Mapinduzi, zile walizogawiwa wananchi kuanzia 1965. Mimi nina hatua kumi na nne kwa tisa, na wanangu sijui watapima nini.

Kufagia uani kuna elimu yake. Unainama, unarudi nyuma, miguu yako ikikanyaga pale usipopafagia bado, ili nyayo zisiharibu ulichokwisha kukifanya. Ukimaliza, mchanga unabaki na mistari myembamba iliyolala upande mmoja kama ukili. Inadumu muda gani? Mpaka kuku wafunguliwe. Siku hiyo ilidumu muda wa kikombe kimoja cha chai, nami nilikaa kizingitini nikakinywa taratibu huku naitazama. Kazini kwangu kuna faili ninalolishughulikia tangu mwaka juzi. Limepita meza saba, limerudi kwangu, limetoka tena, na hakuna anayeweza kuniambia limefagiwa mpaka wapi.

Baada ya chai nikaingia kwenye ndago. Asiyeijua ndago ataona jani tu, jembamba, limesimama katikati ya mchicha kwa adabu. Ukilivuta linakuja kirahisi, nawe unafurahi, kumbe umeachiwa mkia. Mwenyewe yuko chini: kiazi cheusi kidogo mfano wa punje ya tasbihi, na kwenye kiazi umetoka uzi, na mwisho wa uzi kiazi kingine, na kingine tena, tasbihi nzima imezikwa. Usipoifuata yote, wiki haishi utaikuta imeota upya. Kwa hiyo nililowesha tuta kwanza, nikachomeka kisu kirefu pembeni, nikainua udongo pole pole, kisha nikaufuata uzi kwa vidole. Kwetu udongo wa juu ni kichanga chepesi. Ukishuka kiasi cha kiganja na nusu unakutana na kinamo, ule mzito unaonata, na humo ndimo ndago inamopenda kujificha. Saa nzima ilinipa nusu kopo. Nikavimwaga viazi vyake juu ya bati juani vikauke, kwa sababu ndago ukiitupa jaani hamna ulichofanya ila kuihamisha mtaa.

Mkosi wa siku hiyo ulitoka juu. Tawi la mwembe lilikuwa limeanza kuilalia kamba ya nguo, nikapanda ngazi na msumeno, nikasahau wenyewe wa tawi: maji moto. Anayewajua hahitaji maelezo. Ni wale chungu wekundu wanaoshona majani mabichi yakawa viota, na jina lao ndilo taarifa kamili ya wanachofanya wakifika shingoni. Nilishuka bila msumeno, bila kofia, na maneno niliyoyasema njiani hayaandikiki gazetini.

Hata hivyo sikuwachoma wala sikuwapulizia dawa. Wakulima wa minazi wa Unguja kwa muda mrefu walikuwa wakiona vidaka vinapukutika kabla ya kufika hata kuwa kitale. Miaka ya 1950 mtaalamu Mwingereza, M. J. Way, alifanya utafiti wake hapa Zanzibar, akaonyesha kwamba mnazi wenye maji moto husalimika, kwa kuwa chungu hao humfukuza mdudu anayezifyonza nazi changa. Mdudu huyo akapewa jina la kitaalamu la kumkumbuka bwana yule: Pseudotheraptus wayi. Heshima ya namna hiyo, jina lako kupewa mharibifu, mimi ningeikataa kwa adabu. Baadaye watafiti wa minazi Tanzania wakaona jambo linalomgusa kila mwenye ufagio. Pale ambapo chini pamepaliwa pakawa peupe kabisa, chungu wa ardhini wenye vichwa vikubwa hupanda mtini wakawashinda maji moto na kuwatimua. Pale penye majani, hao wa chini hupata riziki yao huko huko chini, wakawaacha wenzao juu. Tangu nilipolisoma hilo, shina la mnazi wangu nimeliachia duara la majani. Mama yangu kila akija hulitazama duara lile.

"Hapa mwanangu ulichoka?"

"Hapana mama, hapa nilisoma."

Hajaridhika hata leo.

Saa nne nikaenda sokoni kwa miguu. Nani asiyelijua soko la Mwanakwerekwe? Watu wa Fuoni, wa Tunguu, wa Kijitoupele, wa kusini wote wakija mjini hapa ndipo wanaposhuka kwanza. Nilinunua changu wawili wa kiasi, tungule, kitunguu thomu, tangawizi na pilipili mbichi. Muuza mboga ananijua, akaniita: "Mzee, leo mchicha hutaki?" Nikamwambia ninao. Neno hilo "ninao" nililitamka kwa sauti kubwa kuliko haja ilivyokuwa, na nimekuwa nikijicheka tangu siku ile. Fungu la mchicha si fedha ya kumtajirisha mtu. Lakini kulipita fungu la mchicha ukiwa na wako nyumbani, ambao asubuhi ile ile uliutoa ndago kwa vidole, ni utajiri wa aina yake, na sina njia bora ya kuueleza zaidi ya hiyo sauti iliyonitoka.

Sasa tuingie jikoni. Jiko letu la kila siku ni la gesi, liko ndani. La Jumamosi ni la makaa, liko uani chini ya mwembe. Najua Serikali ilizindua mkakati mwaka 2024 wa kutaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, na mimi siupingi hata kidogo. Kifua cha mama yangu kinakohoa mpaka leo kwa kuni za ujana wake. Makaa ya Jumamosi ni ya kumchoma samaki, na nusu yake ni vifuu vya nazi zetu wenyewe, ambavyo vinginevyo vingekwenda jaani.

Kazi ya nazi ndiyo iliyonifanya niiandike makala hii, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Kijana wetu wa kidato cha pili alizifua nazi mbili kwenye ufuo. Amejifunza mwaka huu. Mwaka jana alikuwa akizipiga nazi kama mtu anayegombana nazo, siku hizi anaegemeza uzito wa mwili, anazungusha, kumbi linaachia. Nikazipasua kwa mgongo wa panga, nikigonga kati na kuzungusha mpaka ufa ulipojionyesha, na maji yake akayawahi binti mdogo na kikombe. Kisha nikakalia mbuzi. Mbuzi mzuri ni wa meno makali na kiti kisichoyumba, na wetu ana ubora mmoja kati ya hiyo miwili. Unaanzia ukingoni, unazunguka kuelekea ndani, mkono mwepesi. Ukikuna kwa pupa utafika kwenye ganda la kahawia, na tui litakuwa na rangi ya maji ya mtaro. Nazi iliyokunwa vizuri huanguka nyeupe na laini kwenye sinia, haina punje kubwa, na harufu yake hufika kwa jirani kabla ya salamu yako.

Ukitia maji ya vuguvugu kidogo, ukaponda kwa mkono, ukakamulia kwenye kifumbu: hilo ni tui zito, liweke kando na ulifunike. Maji ya pili na ya tatu ndiyo tui jepesi, na ndilo la kuanza kupikia. Mchicha ulichemkia humo pamoja na kitunguu na tungule, tui zito likaingia mwisho, na hapo ndipo akili ya mpishi inapohitajika. Ukilitia ukaliacha lichemke peke yake, litakatika. Nawe utasimama mbele ya sufuria yenye mafuta juu na maji chini, na hakuna dua ya kulirudisha. Lazima ulikoroge kwa upawa, ukilichota na kulimimina, ukilichota na kulimimina, bila kugeuka hata ukiitwa. Mimi niliitwa. Nikageuka. Likakatika.

Mchicha tukaula hivyo hivyo. Kwa changu nililipika tui jingine, la thomu, tangawizi, pilipili na ndimu ya mtini kwetu, nikalikoroga mpaka likawa zito la kuganda kwenye mwiko, nikawa namgeuza samaki juu ya makaa na kumpaka, namgeuza na kumpaka, mpaka likamshika na kuanza kuungua pembeni. Alipoitwa mtu mara ya pili, sikuitika.

Hapa lazima niliseme neno la mke wangu, kwa sababu atalisoma gazeti hili. Nilipokuwa nimesimama na upawa wangu, jasho linanitoka, watoto wamenizunguka, jirani anachungulia juu ya ukuta kusema "Mashallah, leo Bwana anapika!", yeye alikuwa ameketi mkekani na mama, ananitazama. Akasema: "Wewe ukipika siku moja mtaa mzima unajua. Mimi napika mwaka wa ishirini na sita huu, nani kaja kuchungulia?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Huwa nakutana na maandishi ya kusifu bustani na jiko kama dawa ya roho, na karibu yote huandikwa na mtu aliyeingia jikoni kwa hiari yake, siku aliyoichagua mwenyewe, akijua kesho atatoka. Ile raha yangu ya Jumamosi, ukiipanga siku saba, ukaitia alfajiri na usiku, ukaiondolea watazamaji, inaitwa kazi za nyumbani, na mwenye kuifanya haulizwi kama imemburudisha. Basi nilikuwa nimekosea nilipodhani kwamba raha yenyewe inatoka kwenye udongo au kwenye tui. Nimeitafuta wiki nzima inapotoka.

Nadhani nimeiona. Tazama tena ile picha ya uani. Kijana yuko kwenye ufuo. Binti ana ungo wa mchele, anapepeta na kutoa chenga. Mama amekunjua miguu mkekani, anachambua mchicha na kutoa amri. Mimi niko juu ya mbuzi. Mke wangu, kwa siku hiyo moja, anapumua. Chicha linakwenda kwa kuku, kumbi linakwenda kwenye biwi la majani linalooza kuwa mbolea, maji ya kuoshea mchele yanakwenda kwenye mpapai. Watu watano, kazi nne, na hakuna aliyeitwa kuja kusaidia, kwa sababu kazi ilikuwa mahali ambapo wote tulikuwa tumekaa. Siku za katikati ya wiki mambo ni mengine. Jiko la gesi liko kwenye pembe ya nyumba yenye nafasi ya mtu mmoja, na huyo mtu mmoja sote tunamjua. Ukisimama mlangoni umemzibia hewa, ukiingia umemkanyaga. Kwa hiyo tunakaa sebuleni tukingojea sahani, na tunasema tunampenda.

Ndiyo maana moyo wangu unakwenda mbio nikiona lori la mchanga na mifuko ya saruji mlangoni kwa mtu. Katika mtaa wetu nyumba tatu zimesakafia uani wote ndani ya miaka miwili. Moja imeweka zege, moja pevingi za rangi mbili, ya tatu imejenga vyumba vya kupangisha mpaka ukutani, na mti pekee uliobaki kwake ni ule wa kwenye kalenda. Siwalaumu kijuujuu. Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678 katika sensa ya 2012, na katika sensa ya 2022 ukawa na zaidi ya 890,000. Watu hao wanalala wapi ikiwa hakuna anayejenga vyumba? Kodi ya chumba kimoja inamlipia mtoto ada. Pevingi hazina tope masika. Gari nalo linataka pa kulala. Na kuna mama mmoja, jirani wa nyumba ya nne kutoka kwetu, aliyeniambia waziwazi kuwa amefurahi kusakafia kwa sababu amefagia mchanga tangu utotoni na mgongo umesema basi. Mbele ya hoja hiyo nilinyamaza, na wewe ungenyamaza.

Na si jambo la leo. Mpango wa mji wa 1968, uliochorwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki, ndio uliotuletea majumba ya Michenzani. Nyumba za udongo za Ng'ambo zikabomolewa, waliokuwamo wakapandishwa ghorofani wakapata umeme na maji ya bomba ndani. Ilikuwa neema, na wazee walioipata hawapendi kusikia ikibezwa. Lakini uani ulibaki chini. Tofauti yetu sisi wa Mwanakwerekwe ni kwamba hatukupandishwa na mtu. Tuko chini bado, mchanga tunao, na tunauziba wenyewe kwa fedha zetu.

Kisha kuna maji. Mtu wa Mwanakwerekwe hahitaji kufundishwa nini maana ya masika. Ziwa la Mwanakwerekwe si jina la mapambo. Tumeliona likivuka mipaka yake na kuifunga barabara, na abiria wakivuliwa viatu na mvua. Imejengwa mitaro, na imesaidia. Lakini mtaro unapokea kile ambacho nyua zetu zimekataa kukinywa. Uani wa mchanga hunywa mvua; uani wa zege humtupia jirani wa bondeni. Uholanzi, nchi inayoishi na maji mlangoni, mwaka 2020 miji ya Rotterdam na Amsterdam iliingia kwenye ushindani wa nani atang'oa vigae vingi zaidi kwenye nyua na vibaraza na kupanda mimea badala yake, na mwaka uliofuata yakawa mashindano ya nchi nzima. Wao wanang'oa kwa kushindana. Sisi tunaweka kwa kushindana.

Sisemi kila mtu arudi kwenye ufuo na mbuzi. Sokoni wapo vijana wanaokukunia nazi kwa mashine kabla hujamaliza kuhesabu chenji, na mke wangu Jumanne na Alhamisi huwatumia hao, na ni haki yake. Ninachoomba ni kidogo. Fundi akija kupima, mwambie aache hatua tatu kwa tatu kando ya ukuta, mahali panapofika jua la asubuhi, pa mti mmoja na mkeka mmoja. Ukizipata hatua hizo, peleka na kazi huko: mchele wa kuchagua, nazi ya kukuna, samaki wa kupaa magamba. Na wanaume tusingojee Jumamosi. Mimi tangu siku ile nimechukua usiku wa Jumatatu na Jumatano, jiko la ndani, bila watazamaji. Nikiri kwamba haina raha ile ile. Jumatano niliunguza mbatata, na jirani hakuchungulia.

Siku ile tulikula baada ya Alasiri, mkekani, sinia moja ya wali uliopaliwa makaa juu, changu katikati, mchicha wenye tui lililokatika kwenye bakuli la pembeni. Mama aliuonja, akanitazama, akala. Watoto waligombania ukoko mpaka ukagawanywa kwa kijiko. Kuku walikuwa wamekwisha kuifuta mistari yangu yote ya asubuhi. Viazi vya ndago vilikuwa vimenywea juu ya bati. Msumeno bado uko juu ya mwembe mpaka ninapoandika haya, na sina haraka nao.

Mchaichai wangu umezidi kichaka chake. Nimeupasua katika mashina kumi na moja, yako kwenye makopo upande wa kivuli. Aliyebakisha hatua tatu kwa tatu na aje achukue, aje na kopo tupu la kubadilisha, na aje asubuhi kabla sijafungua kuku.